Matumbawe na Watu wa Meru: Kujibu Madai Manane

Arusha ni mji unaojivunia uhifadhi. Makao makuu ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, yako hapa, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, iko hapa pia. Dereva wa utalii atakutajia mapito ya nyumbu mwezi kwa mwezi, na muuza vinyago wa Soko la Kimasai atakueleza kwa nini faru hawana budi kulindwa. Lakini taja matumbawe, na mazungumzo hubadilika mara moja. Mmoja atasema hayo ni mawe, mwingine atasema ni mambo ya Watanga na Wazanzibari, na wa tatu atakuambia yameshakufa.

Nimeyachagua madai manane yanayorudiwa sana katika mji huu, na nayajibu moja baada ya jingine. Mengine hayana msingi. Mengine yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo lazima ikubaliwe. Moja linatoka kwa marafiki wa matumbawe wenyewe. Ninachokitetea ni hiki: mpaka kati ya mlima na bahari umechorwa na ofisi, maji hayautambui, na mji unaojiita kitovu cha uhifadhi hauwezi kuacha kazi yake pale maji yanapoanza kuwa ya chumvi.

1. "Matumbawe ni mawe tu."

Anayesema hivi ana sababu. Akifika Zanzibar huonyeshwa kuta za Mji Mkongwe, huambiwa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, naye hurudi nyumbani akiamini kwamba tumbawe ni tofali la kale. Alichokiona ni mifupa. Aliyeijenga ni mnyama mdogo sana aitwaye polipu, anayechota kalisi katika maji ya bahari na kujijengea kikombe cha chokaa cha kukalia. Ndani ya nyama yake huishi vijimwani visivyoonekana kwa macho. Vijimwani hivyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya chakula cha polipu hutoka humo.

Ushirika huo ndio unaoeleza karibu kila kitu kuhusu matumbawe. Yanahitaji maji maangavu kwa sababu vijimwani vinahitaji mwanga. Yanaumwa na tope kwa sababu tope hufunika mwanga. Maji yakizidi joto lake la kawaida la msimu wa jua kali kwa nyuzi moja hivi, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, ushirika huvunjika: vijimwani hutolewa na tumbawe hubaki jeupe. Likiwa jeupe halijafa bado, lina njaa. Joto likishuka mapema, hupona. Likiendelea, hufa, na mwani hufunika mifupa yake.

Miamba hiyo haifiki asilimia 1 ya sakafu ya bahari za dunia, lakini takriban robo ya aina za viumbe wa baharini huitegemea. Jiwe halina uwezo huo.

2. "Bahari iko mbali. Ya pwani waachieni wa pwani."

Kwa gari, Arusha hadi Pangani ni safari ya kutwa. Kwa maji, njia ni ya moja kwa moja. Mvua inayonyesha katika msitu wa Meru, mlima wenye kimo cha mita 4,566, hushuka kwa Naura na Themi katikati ya mji, na kwa Nduruma, Tengeru, Usa na Maji ya Chai upande wa mashariki, hadi mto Kikuletwa. Wengi wetu tumeogelea katika bonde hilo bila kulifikiria, pale kwenye chemchemi za Chemka. Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hukutana na Ruvu utokao upande wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe, na kutoka hapo mto huitwa Pangani. Hupita kando ya milima ya Upare, hufika Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, kisha humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, karibu na eneo tengefu la Kisiwa cha Maziwe na matumbawe yake. Safari nzima ni takriban kilomita 500.

Si kila tone la Meru linafika huko. Ngarenanyuki unashukia upande mwingine, kuelekea nyanda kavu. Lakini miteremko ya kusini na mashariki, ambako wengi wetu tunaishi, tunalima na tunamwaga taka, inaelekea baharini.

Mtu atauliza: hata kama maji yanafika, ushahidi uko wapi kwamba kazi za milimani zinagusa matumbawe? Upo, na umeandikwa na tumbawe lenyewe, huko Malindi. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kwa tabaka za kila mwaka, na kila tabaka hutunza alama za maji ya mwaka wake. Dominik Fleitmann na wenzake walitoboa tumbawe la umri wa miaka 300 hivi, wakapima kiasi cha bariamu, elementi inayofika baharini pamoja na udongo wa mto, na wakachapisha matokeo mwaka 2007. Tangu 1700 hadi 1900, udongo ulioletwa na mto Sabaki ulikuwa karibu uleule. Kuanzia 1900 ulipanda mfululizo. Kati ya 1974 na 1980 ulifikia mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili.

Sabaki ni jina la mwisho la mto unaoanza kwa jina la Athi katika nyanda za juu za Kenya na kupokea mito ya Nairobi. Mwamba wa Malindi, basi, umetunza kumbukumbu za misitu iliyofyekwa na miteremko iliyolimwa bila matuta, mamia ya kilomita kutoka pwani. Nairobi nayo ilikuwa ikijiambia kwamba bahari iko mbali.

Hata kiofisi umbali huo ulikwisha kufutika. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, inayosimamiwa na TANAPA, inagusa Bahari ya Hindi na ina sehemu ya bahari ndani ya mipaka yake. Maamuzi kuhusu bahari, kwa hiyo, yanapita Arusha tayari.

3. "Bwawa la Nyumba ya Mungu hukamata kila kitu."

Hili ndilo dai lenye akili kuliko yote, na nusu yake ni kweli. Bwawa lililojengwa katika miaka ya 1960 hutuliza maji, na udongo mwingi wa Meru huzama humo. Huwezi kuyachukua ya Malindi na kuyahamishia Pangani kama yalivyo. Anayesema kwamba tope la Tengeru linaangukia juu ya matumbawe ya Maziwe anatia chumvi.

Lakini bwawa hukamata kinachozama. Kilichoyeyuka, kama vile mabaki ya mbolea, huweza kuendelea na safari, na virutubisho vikizidi baharini hustawisha mwani unaoshindana na matumbawe. Tena, chini ya bwawa mto hupokea Mkomazi na Luengera kutoka milima ya Upare na Usambara, pamoja na udongo wa mashamba ya huko.

Kubwa zaidi ni kile kisichofika kabisa, yaani maji yenyewe. Kahawa, maua, mboga, mpunga, miji ya Arusha na Moshi pamoja na mitambo ya umeme vyote hunywa katika bonde moja, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani iliundwa mwaka 1991 kusimamia mgawanyo huo mgumu. Mlangoni mwa mto matokeo yanaonekana: maji ya chumvi yamepanda ndani ya mto kuliko zamani, na wakulima wa huko wameyaona yakiwafikia.

Mtetezi wa bwawa atadakia hapo: si vizuri, basi? Tumbawe halipendi maji yasiyo na chumvi! Ni kweli halipendi, ndiyo maana miamba mizuri haikai mdomoni mwa mto. Lakini samaki wengi wa mwambani hawakulii mwambani. Hukulia katika mikoko na katika nyasi za bahari, na mikoko ya mlango wa mto huishi kwa mchanganyiko wa maji ya mto na ya bahari. Ukilikausha eneo la malezi, utaupata upungufu mwambani baada ya miaka michache, na hakuna atakayekumbuka mfereji wa umwagiliaji uliouanzisha.

4. "Theluji ya Kilimanjaro inayapoza matumbawe yetu, kwa hiyo yako salama."

Hili ndilo dai la marafiki, na ni tamu kulisikia kaskazini. Lilitokana na utafiti wa kweli. Mwaka 2020 Tim McClanahan, mwanasayansi wa shirika la WCS aliyefanya kazi Mombasa kwa miongo mingi, alieleza kwamba pwani ya kilomita 400 hivi, kutoka Shimoni nchini Kenya hadi Dar es Salaam, ni kimbilio la viumbe wa mwambani. Huko kuna maji ya kina yaliyo baridi kiasi, na ubaridi huo unaonekana kuyakinga matumbawe na mawimbi ya joto kama yale ya El Niño. Mifereji hiyo ya kina ilielezwa kuwa ilichongwa maelfu ya miaka iliyopita na maji yaliyotiririka kutoka Kilimanjaro na Usambara katika enzi za barafu.

Tazama jinsi habari ilivyogeuzwa njiani. Mifereji ya kale ikawa theluji ya leo, na mlima ukawa jokofu la bahari. Theluji ya leo haina uwezo huo. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha, na Meru haina barafu ya kudumu. Maji yanayoshuka hulala bwawani na kupigwa jua kwa mamia ya kilomita kabla ya kuiona bahari. Ubaridi unaozungumzwa ni wa maji ya bahari yenyewe, katika kina ambacho mito ya kale ilikiacha.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kimbilio dhidi ya joto halimkingi yeyote dhidi ya baruti. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Gill Braulik walipita pwani ya Tanzania na vinasa sauti vya chini ya maji kwa kilomita 2,692. Katika saa 231 za kurekodi walithibitisha milipuko 318 ya uvuvi haramu, na asilimia 62 hivi ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Hapo ndipo mwisho wa kusini wa kimbilio hilohilo. Maumbile yaliweka ngao, watu wakailipua kwa ndani.

5. "Joto limeshayaua. Kuhifadhi sasa ni kupoteza fedha."

Anayekata tamaa ana takwimu za kutosha. Mwaka 1998 joto la bahari liliharibu vibaya takriban asilimia 16 ya miamba ya matumbawe duniani, na Bahari ya Hindi iliumia sana. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la weupe wa matumbawe duniani kote, na kufikia mwaka 2025 asilimia 84 ya eneo la miamba ya dunia ilikuwa imepatwa na joto la kiwango cha kusababisha weupe.

Tofautisha, hata hivyo, kupatwa na joto na kufa. Mwaka 1998 mwamba wa Tutia huko Mafia ulipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake hai, ilhali matumbawe ya Chumbe, karibu na Unguja, yalisalimika kwa kiasi kikubwa. Joto lilikuwa la bahari moja, matokeo hayakuwa mamoja. Kina cha maji, mikondo, aina za matumbawe na hali ya mwamba kabla ya joto kufika vyote vina sauti katika matokeo.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote kwa upande wetu umetokana na kazi iliyoongozwa na Mkenya David Obura na kuchapishwa mwaka 2021. Yeye na wenzake waliipima miamba ya Bahari ya Hindi ya magharibi katika kanda 11, kwa vigezo vya hatari ya kuanguka kwa mfumo mzima. Visiwa vingi vilionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi, na sababu kuu ilikuwa joto lijalo. Pwani ya bara, yetu ikiwamo, iliwekwa katika daraja la walio hatarini kwa kiasi, na sababu kuu ilikuwa uvuvi unaowamaliza samaki wakubwa wawindaji kama chewa.

Fikiri maana yake. Joto la dunia haliwezi kushushwa kwa uamuzi wa Tanga au Arusha. Nyavu, baruti, udongo na maji machafu vinaweza kudhibitiwa. Kwetu, tishio la kwanza ni lile lililo mikononi mwetu, na anayehubiri kukata tamaa anatusamehe kazi ambayo tunaiweza.

6. "Hifadhi ya bahari ni kumnyang'anya mvuvi ugali."

Dai hili lisijibiwe kwa dharau, hasa hapa. Wameru wanajua uchungu wa kuamriwa kuondoka: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapeleka shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Mtu mwenye historia hiyo akimsikia mvuvi akilalamikia mpaka wa hifadhi, ana haki ya kuuliza ni nani aliyeuchora na ni nani aliyeulizwa. Migogoro ya namna hiyo imetokea kweli. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995 katika eneo la kilomita za mraba 822 lenye vijiji ndani yake, na mahusiano hayakuwa laini siku zote.

Kosa la dai ni kudhani kwamba hifadhi ya bahari ni Serengeti yenye maji, ambako mwanakijiji hana nafasi. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 iliacha vijiji vibaki ndani ya hifadhi. Bahari hugawanywa kwa matumizi: kuna sehemu zisizoguswa, na kuna sehemu ambazo wenyeji huendelea kuvua kwa zana zisizoharibu, kama mshipi na dema. Kinachokatazwa ni baruti, sumu, na majuya yanayokokotwa juu ya matumbawe na kubeba hadi samaki wachanga.

Na wavuvi wenyewe wamekwisha kuonyesha kwamba kufunga si lazima kuwe amri ya kutoka juu. Kuruwitu, Kilifi nchini Kenya, wanakijiji walikubaliana mwaka 2005 kufunga takriban hekta 30 za bahari yao, na mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Pemba, vijiji vimejaribu kufunga miamba ya pweza kwa miezi michache na kuifungua kwa siku iliyopangwa. Pweza hukua upesi, kwa hiyo faida huonekana msimu uleule, na wanawake wanaochokoa pweza maji yanapokupwa huipima wenyewe kwenye mizani. Kwa samaki faida huchelewa zaidi, lakini mantiki ni hiyo hiyo. Chewa mkubwa hutaga mayai mengi kuliko mdogo, na samaki wakiongezeka ndani, wengine huvuka mpaka. Hata Tanga, tangu 1994 hadi 2007, vijiji na halmashauri zilipanga kwa pamoja miamba ipi ifungwe na ipi ivuliwe, kwa msaada wa IUCN na serikali ya Ireland.

Kwa hiyo jibu lina sharti. Hifadhi iliyochorwa bila mvuvi humnyang'anya ugali, na dai ni la kweli. Hifadhi iliyochorwa naye humlindia mboga.

7. "Yakifa tutapanda mengine, kama tunavyopanda miti."

Arusha hupanda miti kila msimu wa mvua, ndiyo maana dai hili huja kirahisi. Ni kweli vipande vya matumbawe huweza kufungwa kwenye vitalu chini ya maji na kuoteshwa upya, na kazi hiyo inafanyika Kenya na Zanzibar. Lakini linganisha kasi. Mgrevilea wa pembezoni mwa kahawa hutoa mbao ungali kijana. Tumbawe la mviringo huongezeka sentimita moja hivi kwa mwaka. Yale ya matawi huenda upesi zaidi, ila ndiyo yanayokufa kwanza joto linapopanda. Hekta moja ya mwamba ni mikono mingi, chombo, mitungi ya hewa na miaka.

Tena kuna mahali ambapo hakuna kitu cha kupandia. Baruti huugeuza mwamba kuwa kifusi. Vijana wa matumbawe, ambao huogelea kabla ya kujibandika, wakitua juu ya kifusi kinachoviringishwa na mawimbi husagwa. Eneo lililolipuliwa huweza kubaki tupu kwa miongo. Msako wa vyombo vya dola tangu miaka ya 2015 na 2016 umepunguza sana milipuko, na kazi hiyo inastahili sifa kuliko kitalu chochote. Hapa bara pana somo pia. Baruti haizaliwi baharini. Hutengenezwa kwa ajili ya migodi, machimbo ya mawe na ujenzi wa barabara, yaani kazi halali za huku juu. Nani alichukua kiasi gani, na kilichobaki kimekwenda wapi, ni maswali yanayopaswa kuulizwa bara kabla mlipuko haujasikika pwani.

8. "Utafiti wenyewe ni wa wageni."

Fedha nyingi zimetoka nje, hilo halina ubishi, na mfadhili akiondoka mara nyingi upimaji husimama. Hiyo ni hoja ya kuongeza fedha zetu. Haiwezi kuwa hoja ya kukataa vipimo.

Na watafiti? Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar tangu 1978. Wanasayansi wake, akiwamo Christopher Muhando kwa matumbawe na Narriman Jiddawi kwa uvuvi na jamii za pwani, wamefanya kazi hiyo kwa miongo. Mombasa kuna taasisi ya utafiti ya CORDIO, iliyozaliwa mwaka 1999 baada ya maafa ya 1998, na mwanzilishi wake Obura alichaguliwa mwaka 2023 kuongoza jopo la serikali za dunia kuhusu bioanuwai, IPBES. Nyawira Muthiga, Mkenya mwingine, ni miongoni mwa waliochapisha mwaka 2000 historia ya joto la bahari ya Malindi ya karibu miaka 200, iliyosomwa katika tabaka za tumbawe. Sayansi hii ina majina yetu, ila hatuyafundishi.

Pengo lililobaki ni la huku juu. Tengeru tuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, yenye wataalamu wa maji na mazingira waliozoea kupima floridi katika visima vya Meru. Kuifuata mbolea na taka za mji kutoka Themi hadi bwawani, na kutoka bwawani hadi Pangani, ni swali linalowafaa kabisa.

Basi Arusha ifanye nini?

Hakuna anayeitaka Arusha ikajifunze kupiga mbizi. Yapo mambo ambayo mji unaweza kuyafanya bila kuondoka bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Tembea kando ya Naura au Kijenge uone jinsi inavyoheshimiwa. Majitaka yasafishwe kabla ya kufika Themi. Vibali vya maji vihesabu mlango wa mto kuwa mtumiaji mmojawapo mwenye haki, sawa na shamba la maua. Kampuni za utalii zinazomuuzia mgeni siku za Serengeti na siku za Zanzibar katika malipo yaleyale zimwambie, kabla hajapanda ndege Kisongo, kwamba tumbawe halikanyagwi na nanga haitupwi juu yake. Wanamweleza kwa kirefu asishuke garini karibu na simba, na hii ni sentensi moja ya kuongeza.

Kwa atakayesema baada ya yote hayo kwamba bado hayatuhusu, nina kumbukumbu moja. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ipigwe marufuku, na mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, huko Lausanne ukakubali. Tulimwambia mnunuzi wa Tokyo na wa Hong Kong, ambaye hajawahi kumwona tembo porini, kwamba umbali haumwondolei wajibu, kwa kuwa anachokifanya kwake kinaua kwetu. Dunia ilituelewa. Hoja tuliyoitumia kwa faida ya tembo wetu haiwezi kuwa batili siku inapoletwa mlangoni kwetu na mvuvi wa Pangani.